Kuku Aliyekomboa Gitaa

Maganga, Msukuma wewe,

Najua huko uliko umelala chali, kofia usoni, unangoja mtu mwingine akoke moto. Amka kidogo. Nimeimba tena. Tena si jikoni wala kwenye harusi ya jirani. Nimeimba kwenye maikrofoni, fundi wa redio katoka Dar es Salaam na gari lake la mitambo, na jana jioni mimi Zena, muuza chapati wa stesheni ya Shinyanga, nimejisikia redioni nikiwa nimeshika mwiko. Chapati ikaungua. Mteja akaila hivyo hivyo, maana na yeye alikuwa anasikiliza.

Nianze mwanzo, kwa sababu uliondoka ukiwa hujui mengi, na ulipokuwa hai ulikuwa hujui mengi pia.

Siku tuliyokuzika kule kwenu, karibu na Rwamgasa ya Geita, nilifika vumbi tupu, lori la pamba lilikuwa limetuacha njiani. Waliniambia ni homa, haikukulaza sana. Sasa mimi ni Mzaramo, baba yangu aliletwa Shinyanga na kazi ya reli, na wewe ni Msukuma. Mtani haruhusiwi kukaa msibani akalia kama watu wengine. Kwa hiyo nililia kwanza nyuma ya nyumba, peke yangu, ili nimalize. Sikumaliza, lakini nikaingia. Nikavaa koti lako la jukwaani, lile la kijani, nikapita uani nikiburuta mguu kama wewe, nikajifanya nakaza nyuzi huku ulimi nimeutoa pembeni ya mdomo. Shangazi zako walicheka mpaka wakashikana. Mwisho nikalishika gitaa lako, nikalikumbatia, nikawatangazia kwamba silitoi mpaka ukoo wote mlikomboe kwa kuku. Ndiyo desturi yetu: mtani akishika kitu cha marehemu, wenyewe wanakikomboa, mnatupiana maneno, mnacheka, mambo yanaisha.

Kumbe nilimsahau dada yako Limi. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema nibaki nalo, kuku wake hawajazoea matumbo ya Wazaramo. Watu wakacheka upya. Nikarudi nalo begani, nikidhani haitapita wiki mtu atagonga mlango na kuku wake. Hakuja mtu. Limekaa ukutani kwangu Ngokolo, juu ya gunia la unga, miaka imepita, na sikumruhusu mtu aliguse. Kitu kilichoshikwa msibani ukikitumia kabla hakijakombolewa, hapo utani umegeuka wizi.

Nilikuwa nakitazama hicho chombo chako kila asubuhi nikikanda unga. Namkumbuka yule msichana uliyemkuta anauza karanga mlangoni mwa ukumbi wa reli. Ndani walikuwa wanapiga santuri za soul za Wamarekani, mimi nje nazifuata kwa sauti, Kiingereza sijui hata neno moja. Bendi ilipopumzika ukatoka kuvuta sigara, ukanisikiliza, halafu ukasema, "Wewe unayelia, njoo ulie ndani." Hukuniuliza jina. Karanga zangu mkazila bendi nzima usiku ule, na kwa taarifa yako sijasahau.

Ndiyo nikawa Zena wa Soul. Wakubwa wa serikali walipoanza kusema muziki ule si wetu, vijana waache, wewe ndiye uliyepata ujanja. Chini ukaweka gitaa linalotembea kama ngoma za kwenu, juu yake ukaniacha nilie nipendavyo. Wakubwa walikuja, wakakaa mstari wa mbele, wakatikisa vichwa wakisema huu sasa ndio muziki wa nyumbani. Wewe ukanikonyeza, nikakosa mstari mzima wa wimbo.

Halafu ule msimu wa pamba tuliposhindwa na nyoka. Wakulima wamelipwa, uwanja umejaa, upande wetu spika na magitaa, upande wa pili wacheza chatu. Na Wasukuma ndivyo mlivyo, hamna majaji: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja na watu wanakimbilia kunakonoga. Mimi nimepandisha sauti mpaka mishipa imesimama, mara uwanja wote ukatugeuzia mgongo, kisa chatu amevishwa shingoni. Nikataka kushuka jukwaani. Ukanishika mkono. "Tulia, mtani. Chatu hajui kupandisha sauti." Ukaenda ukamleta mwenye chatu na chatu wake jukwaani kwetu, na watu wote wakarudi nyuma yao. Niliimba nimefumba macho, si kwa hisia kama walivyodhani, ni kwa woga.

Hizo zilikuwa raha zetu. Baadaye petroli ikawa ya kutafuta, nyuzi hakuna, spika zikatoboka, bendi ikafa. Wewe ukaenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, mimi nikaweka jiko stesheni. Watu walipokuwa wananiuliza mbona siimbi, nilikuwa najibu kwamba koo limeingia moshi. Uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui kuimba bila wewe nyuma yangu. Pale wimbo unapopanda, gitaa lako lilikuwa linatangulia kidogo, linanifungulia mlango, mimi napita. Ulipokufa nikajua mlango umefungwa, nikaendelea kusukuma chapati.

Mwaka huu ndipo afisa utamaduni akaja jikoni kwangu. Nilidhani kaja kula. Akasema gari la redio litapita mikoani kurekodi, Shinyanga wamepewa siku moja, na wazee wa mjini wamesema bila Zena wasimpigie simu mtu. Kuna vijana wa kiwanda cha pamba wana bendi, watanisindikiza, kanda nzima iwe yangu. Maganga, nilikataa. Usiku huo huo nikawa naimba kwenye mto wa kulalia ili watoto wasinisikie.

Asubuhi nikakubali. Na mpiga gitaa wa vijana hao, unajua ni nani? Doto, yule mliyechimba naye shimo moja Rwamgasa, ukamfundisha gitaa jioni shimo likijaa maji. Mtu mzima sasa, mpole, shikamoo yake haikatiki. Alikuwa na gitaa la kuazima, wamelifunga waya za breki ya baiskeli. Siku ya kwanza ya mazoezi kwangu akatazama ukutani, akasema taratibu, "Mama, lile si ndilo?" Nikamwambia ndilo, na haliguswi.

Tukafanya mazoezi. Nyimbo zote zilikubali isipokuwa mmoja, ule wetu wa stesheni, wa mke anayepokea kila treni ya Mwanza na mume hashuki. Nikifika pale pa kupanda, sauti inaishia shingoni. Nikatuma salamu kwa Limi kupitia makondakta wa basi, na siku ya kurekodi nikaitaja: kama una kuku, huu ndio wakati wake. Hakuna jibu. Nikaanza kumtukana dada yako kila jioni, kwa heshima zote za utani.

Siku ikafika. Tulitundika mablanketi kwenye madirisha ya ukumbi ili pikipiki zisisikike. Fundi alikuwa mtu wa miwani, hana mzaha, alasiri lazima aondoke kwenda Tabora. Nyimbo zikaingia moja baada ya nyingine, nikaanza kujisikia mtu. Tukaacha ule wa stesheni mwisho. Nikapanda, sauti ikapasuka. Tukarudia, ikapasuka tena. Fundi akavua visikizio vyake, akatazama saa, akaniambia kwa upole kwamba umri ni umri, mama, hizi tulizopata zinatosha. Afadhali angenitukana. Bila wimbo ule kanda yenyewe ilikuwa ya nini? Ndio ambao watu wangeutafuta kwanza, na wasipoukuta wangesema basi, Zena kwisha. Nilisimama pale nikiona jiko langu la stesheni linaningoja mpaka nife.

Ndipo hodi ikapigwa mlangoni. Limi. Vumbi la Geita lote mwilini mwake, na kwapani kuku mwekundu, kashikwa kama mkoba.

"Mwangaluka," akasalimia ukumbi mzima kwa salamu yenu ya asubuhi, na ilikuwa mchana. Halafu akanigeukia mimi. "Mzaramo, lete gitaa la kaka yangu."

Maganga, sikumkimbilia. Mambo hufanywa yanavyofanywa. Nilimpokea kuku, nikamgeuza, nikambonyeza kifua, nikasema amekonda, huyu ametoka Geita kwa miguu. Limi akajibu kwamba amekonda kwa kufikiria anakopelekwa. Nikamuuliza ilikuwaje miaka yote hii. Akasema alikuwa ananiadhibu kwa kumwigiza kaka yake vizuri kupita kiasi, alikuwa anashindwa kulala. Tukatazamana. Tukacheka, na machozi yakatutoka wote wawili, yeye akafuta kwa ncha ya khanga yangu. Fundi akasema muda wake unakwenda. Tukamwambia kwa pamoja anyamaze.

Doto alikuwa ameshakimbia Ngokolo na kurudi nalo. Limi alilipokea yeye mwenyewe, akampa kwa mikono miwili. Doto akakaa kwenye kiti, akaanza kukaza nyuzi zako za zamani, na hapo nikaona: ulimi ameutoa pembeni ya mdomo. Kila kitu alikuwa amejifunza kwako, hata ujinga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipoinuka, shingo yangu ilikuwa nyepesi.

Tukaanza. Mke akaja stesheni, treni ikaingia, watu wakashuka. Nikafika pale. Unakumbuka tulivyozoea, mwimbaji anamwita mpiga gitaa kwa jina ndipo gitaa linajibu. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Lete, Maganga!"

Nilisikia jina likitoka na sikuweza kulirudisha. Wapiga ngoma walinitazama. Doto hakuinua kichwa. Alilileta, mtani, lile lako, la kutangulia kidogo, na mlango ukafunguka, nikapanda mpaka nilikokuwa sijafika tangu nikiwa msichana. Tulipomaliza Limi akapiga kigelegele. Kuku naye akaitikia.

Fundi akasema haifai. Kuna kuku, kuna kigelegele, na kuna jina la mtu ambaye hayumo humu ndani. Utepe uliobaki unatosha mara moja tu, turudie. Nilimtazama Doto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurekodi, jina lile lilipaswa kuwa lake, na mama yake angekaa kando ya redio kulisikiliza. Nikamwambia aamue yeye, akisema turudie turudie. Akashika nyuzi zisilie. Akasema yeye hana neno, ila gitaa lina mwenyewe, tumuulize dada yake.

Limi alikuwa amekaa chini anamfunga kuku miguu kwa mkanda wa mkoba wake. Hakuinuka. "Mwacheni. Huyo ukimwita kwenye jembe hasikii. Kwenye gitaa hajawahi kuchelewa."

Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Akafunga utepe.

Kwa hiyo jana redioni ndivyo ulivyotoka, na mtangazaji akasema kwa Kiswahili chake safi kwamba gitaa limepigwa na Maganga. Kanda zenyewe zimeanza kuuzwa mjini. Nimewekwa kwenye jalada nimevaa gauni la bluu, kuku yumo kwenye picha, walishindwa kumtoa. Mabasi ya Kahama yanatupiga tangu alfajiri. Watoto wa Ngokolo wanamwita Doto "Maganga" anapopita, na yeye anaitika. Mama yake alikuja kwangu, nikadhani kaja kugomba. Akasema mwanawe amepata jina zuri, ananiomba tu nisimpe na uvivu wa mwenye jina. Nikamwambia huo haurithiwi, ulizikwa nao.

Kuku nilipaswa kumla. Ndiyo haki ya mtani. Lakini alitaga siku ya pili, juu ya gunia la unga, chini ya ule msumari uliokuwa na gitaa lako, nikashindwa. Limi ananiletea salamu kuuliza alikuwa mtamu kiasi gani. Namjibu alikuwa mgumu kama ukoo wao.

Msimu wa pamba ukifika tunaitwa Geita, na Rwamgasa wachimbaji wametaka siku yao. Tutapita kwako mchana, tutakusafishia majani, na mimi nitakuvalia lile koti la kijani nikuigize tena mbele yako, uone ulivyokuwa unatembea. Jioni nitapanda jukwaani. Nakuahidi, kila nitakapouimba wimbo ule, mradi pumzi ipo, nikifika pale nitakuita wewe kwanza. Lala sasa, endelea kufunika uso na kofia yako. Ila nikikuita usijifanye umelala.

Mtani wako,
Zena