Kumi Baada ya Tisa

Kitengela, 14 Machi 2005

Kwa Dada Waceke,

Salamu nyingi kutoka kwa ndugu yako. Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua na vumbi kimepoa? Na wagonjwa wako je? Mimi niko mzima, alhamdulillah, ni macho tu yanauma kwa kukodolea kompyuta.

Nimekuwekea CD ya programu yetu, Daftari. Imeandikwa 0.9, soma sifuri nukta tisa. Watu huniuliza kwa nini bado naipa sifuri na tayari inafanya kazi. Kwetu sisi tunaotengeneza programu za bure, ambazo mtu yeyote anaweza kufungua na kurekebisha, moja ni ahadi. Ukiandika 1.0 umewaambia watu waitegemee. Mimi bado naogopa.

Tulikuwa wawili, mimi na Bishar, lakini tangu apate kazi Australia hajibu. Sasa ninaoongea nao ni watu wa kwenye mtandao, mmoja Brazil, mwingine India, na hakuna aliyewahi kuona sura yangu. Kuna wiki napitisha siku tatu bila kusikia sauti yangu mwenyewe.

Wewe ndiye wa kwanza kuitumia kwa wagonjwa wa kweli. Mama yako alinilisha pale Kajiado baba yangu akiwa safarini na ng'ombe. Acha na mimi nikufae kidogo.

Ndugu yako,
Abshir


Kajiado, 2 Mei 2005

Abshir mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Kifua kimetulia tangu mvua inyeshe. Hayo macho uyapumzishe. Na unakula, ama ni chai tu?

Daftari inafanya kazi. Kila Jumatatu inanichapia kwa karatasi orodha ya wagonjwa wa TB ambao hawakuja kuchukua dawa, natuma ujumbe kwa maboma yao. Lakini iko na shida. Mtu akipitisha siku thelathini, jina lake linatoka kwa orodha. Yaani aliyepotea kidogo namwona, aliyepotea kabisa simwoni. Rekebisha hiyo haraka.

Adero, tuliyekuwa tunafanya kazi naye hapa dispensari, amehamishwa. Nimebaki muuguzi peke yangu. Nikitoka kazini nawasha redio, si ya kusikiliza, ni nyumba tu iwe na mtu.

Dada yako,
Waceke


Kitengela, 20 Juni 2005

Kwa Dada Waceke,

Uko salama? Mimi nakula, usijali.

Ile shida nimeitoa. Ilikuwa mstari mmoja tu wa maandishi, na nilikaa nao wiki mbili. Toleo jipya ni 0.10, liko kwa hii CD, liweke juu ya lile la zamani. Yule wa Brazil anataka tuite 1.0. Nimekataa. Nitapanda polepole mpaka niamini kazi yangu. Sifuri ikikaa hapo mbele haimdhuru mtu.

Ndugu yako,
Abshir


Kajiado, 28 Novemba 2005

Abshir,

Natumaini uko mzima. Mimi mwili uko sawa.

Septemba kompyuta iliharibika. Fundi alikuja akafuta kila kitu, akaniambia niweke programu upya. Majina nilikuwa nimeyahifadhi kando. Kwa droo kulikuwa na CD zako mbili, 0.9 na 0.10. Barua yako ya Juni sikuikumbuka. Nilizisoma vile nasoma bei dukani, senti tisini na senti kumi. Nikachukua kubwa, nikajua ndiyo mpya.

Kulikuwa na mgonjwa wangu, Mzee Katoo. Kila Jumatatu aliingia akanisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya", nami nikaitikia "Iko", akacheka vile naitamka. Aliacha kuja mwezi huo huo. Wiki nne jina lake lilikuwa kwa orodha, nikatuma ujumbe mara mbili. Wiki ya tano halikuwepo. Nikafikiri amechukua dawa kwa mhudumu siku yangu ya mapumziko. Nilishukuru Mungu hata.

Alhamisi walimleta kwa mkokoteni. Alikufa kabla gari la hospitali halijafika.

Mbona hukuniambia nukta yenu si nukta?

Waceke


Kitengela, 6 Desemba 2005

Dada,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sijui nianzie wapi.

Ile nukta haigawanyi kitu. Ni kama sura na aya. Hata kwa Biblia yako, aya ya kumi inakuja baada ya tisa. Ningekuandikia tu, kumi inakuja baada ya tisa, maneno matano. Sikuandika kwa sababu kila mtu ninayeongea naye anajua, na nilisahau kwamba hao wote ni watu kama mimi.

Nataka kuja. Niambie siku yoyote.

Ndugu yako,
Abshir


Kitengela, 27 Februari 2006

Dada Waceke,

Hujajibu, na simu yako haishiki. Naomba uwe mzima tu.

Niliwaeleza wale wa mtandao yaliyotokea, bila kutaja jina la mzee. Nikasema tuache nambari hizi, toleo liitwe kwa mwezi na mwaka, hata anayejua kusoma kalenda tu ajue lipi ni jipya. Wa India alinipa pole, kisha akauliza: mwezi utamwambiaje mtu kwamba toleo limebadilisha jambo kubwa? Ni swali la haki. Wa Brazil alisema dunia nzima inahesabu vile, kosa ni la mtumiaji, afundishwe. Nilipokataa, akajitoa. Kazi yote sasa ni yangu.

CD hii imeandikwa Februari 2006. Nyingine itatoka Mei, halafu Agosti, halafu Novemba. Kukiwa hakuna jipya, nitaandika hakuna jipya. Na kuanzia sasa, toleo la zamani litakataa majina yaliyohifadhiwa na toleo jipya, na litakueleza sababu kwa Kiswahili.

Nilikuwa nasema ile sifuri ni unyenyekevu. Nilijidanganya. Ilikuwa mahali pa kujificha, kitu kikiharibika niweze kusema sikuwa nimeahidi. Lakini wewe uliitegemea programu kutoka siku ya kwanza, na mimi nilijua.

Ndugu yako,
Abshir


Kajiado, 9 Agosti 2006

Abshir mdogo wangu,

Uko mzima? Macho? Barua zako zilifika zote. Nilizisoma na kuzirudia, kuandika ndiyo kulinishinda.

CD ya Februari niliiweka, na ya Mei pia. Sijaona shida.

Jumatatu nilienda boma ya Mzee Katoo. Miezi yote hii nimekuwa nikisema nitaenda wiki ijayo. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mke wake, Phylis, alikuwa anakamua mbuzi. Nilimweleza kila kitu, CD, nambari, nukta. Alinisikiza mpaka mwisho, akasema, "Hayo ya mashine siyajui. Miezi sita alikuja kwako, mkisalimiana. Alipoacha kuja, wewe mwenyewe hukumkumbuka? Mpaka karatasi ikukumbushe?"

Nilimkumbuka, Abshir. Hilo sikukuandikia. Kuna Jumatatu nilikaa nikasema, leo sijasikia takwenya. Lakini karatasi ilisema hakuna anayekosa, nikaamini karatasi.

Phylis alinipa maziwa. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Nilipoinuka aliniambia nirudi, kwamba siku hizi hakuna mtu anapita kwake.

Ulitaka kuja. Njoo. Jumatatu ya tarehe ishirini na moja naenda tena, twende wawili. Yangu nimeshamwambia. Yako utamwambia kwa mdomo wako.

Dada yako,
Waceke