Sisimizi Anayeruka kwa Meno

Alhamisi. Mvua imekatika mchana, na njia ya sokoni ni matope matupu.

Mniwie radhi kwa kimya kirefu. Walioniuliza niliwajibu kwamba betri ya sola imekufa. Haikufa. Sikuwa na la kusema ila malalamiko, na malalamiko hayastahili kuandikwa. Leo ninalo la kusema, nalo si jema kwangu.

Tangu nilipostaafu ualimu hapa Kasongo, mimi ni mjumbe wa komite ya wazazi katika shule ya msingi iliyo jirani. Mwaka huu shule ilimpokea mwalimu mpya kutoka Kabambare, Madamu Zaina, kwa majaribio. Mwaka unapokwisha, komite huamua abaki au aende. Mwezi uliopita Baba Saidi, mwenye duka la vitambaa, alileta mbele yetu daftari la mtoto wake.

"Mutoto iko nachimba wadudu nyuma ya darasa," alisema. "Sasa soma hapa, Mama Mwalimu. Soma kwa sauti."

Nilisoma. Ilikuwa sentensi iliyonakiliwa kutoka ubaoni: *Sisimizi inaruka na meno yake.*

"Meno ya kuruka!" akasema Baba Saidi. "Basi miye ningekuwa nafika Nyangwe kila asubui. Niko na meno yote."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kutoa kalamu nyekundu. Niliona makosa matatu. La kwanza, sisimizi ni kiumbe hai, kwa hiyo *anaruka*. La pili, chombo cha kutendea hutajwa kwa *kwa*. Ukisema *na meno*, sisimizi na meno wamefuatana kama marafiki wawili. La tatu, jambo lenyewe ni uongo. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja: mwalimu huyu hajui lugha, tena anawafundisha watoto upuuzi. Nikatia sahihi.

Chai yangu ilikuwa bado moto.

Nilikaa na amani mpaka Jumamosi iliyopita. Siku hiyo nilianika mbarika uani, nikazifunika kwa ungo kama mama yangu alivyonifundisha, maana maganda yakikauka hupasuka na mbegu huruka mpaka kwa jirani. Ungo ulikuwa haujakaa vizuri. Mbegu moja ilinipiga shavuni, ikauma kweli. Nimefunika mbarika tangu utotoni, wala sikuwahi kujiuliza ganda lisilo na mkono linarushaje. Nilikaa pale nikijipapasa shavu. Kama ganda linaweza kurusha, nimejuaje kwamba sisimizi hawezi? Sikujua. Nilikuwa nimeamua tu.

Jumanne nilikwenda shuleni.

Madamu Zaina ni binti mwembamba, msikivu. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinipeleka nyuma ya darasa, akageuza gogo lililooza, akamchukua sisimizi mmoja mweusi na kumweka kwenye sahani nyeupe. Meno ya mdudu huyo yalikuwa yamefunguliwa kabisa, moja kulia na jingine kushoto, kama milango miwili iliyobanwa ukutani. Zaina alimgusa usoni kwa ubua wa nyasi.

Nilisikia mlio mdogo, kama ukucha ukigonga sahani. Sahani ilikuwa tupu.

"Imeenda wapi?" nikasema.

Nilisema *imeenda*.

Miaka yote ile ya kalamu nyekundu, na nilipostaajabu nilisema kama mama yangu alivyokuwa akisema sokoni. Zaina alisikia. Hakutabasamu hata kidogo, nami namshukuru.

"Iko ku kitenge yako, Mama. Usitingishike, iko nauma."

Alimwondoa taratibu, kisha akanieleza. "Nyama yake haina mbio, Mama. Iko navuta polepole, na ndani kuko kitu inakamata sawa komeo. Nguvu inakusanyika. Ukigusa ule unywele wa mbele, komeo inaachia. Meno inapiga chini, chini inamurudisha juu. Ni sawa mutego ya baba kule Kabambare. Kupinda muti, unatoka jasho. Kufyatuka, hata hauone."

Kutega na kufyatuka. Nimewafundisha watoto vitenzi hivyo viwili, nikavichambua mzizi na viambishi, nami sikujua kwamba vyote viwili vinakaa katika kichwa cha sisimizi. Kwetu, jambo la haraka sana hutendeka kwa kufumba na kufumbua. Sisimizi yule hakunisubiri hata nifumbe.

Basi makosa mawili yalikuwa ya Zaina. La tatu lilikuwa langu.

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Direkta, mkuu wa shule, kuiomba ripoti yangu. Alinitazama kwa huruma.

"Mama, ilikwisha kusomwa. Wajumbe wawili wamekubali tayari, sababu ni weye ulisema. Futa tu ile kosa ya mwisho, kimya. Mbili za Kiswahili zitabaki, nazo ni za kweli. Nani atajua?"

Nakiri kwamba nilikwenda nayo nyumbani nikajaribu. Nilikata mistari mitatu, nikaisoma tena. Ilikuwa safi, bila kosa, na bado ilikuwa inamfukuza mtu. Yale makosa mawili mji mzima unayafanya. Moja nimelifanya mimi, mbele yake.

Leo alasiri komite ilikaa. Nilisimama nikasoma karatasi mpya: sisimizi huyo huruka kwa meno, nimemwona, na mimi ndiye niliyeandika uongo. Nikasema yote, pamoja na *imeenda*.

Baba Saidi aliacha mdomo wazi. "Kumbe hata weye, Mama?"

"Hata mimi."

Nilidhani ingetosha. Haikutosha. Mjumbe mmoja alisema kwamba uzee umenilegeza, mwingine akasema kwamba lugha mbovu ni lugha mbovu, na kwamba ni mimi niliyewafundisha hivyo. Uamuzi umeahirishwa hadi Jumatatu.

Nilikwenda chumbani kwa Zaina kumpa habari. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba. Kaka yake atakuja Jumamosi kwa pikipiki kumchukua hadi Salamabila, wakawauzie wachimbaji wa dhahabu tochi na maturubai.

"Ile ripoti nilisikia ku watoto, Mama," alisema. "Walikuwa nayo kwa kichwa. 'Hajui lugha.' Walikuwa nasema vizuri kabisa, bila kosa."

Nilimwomba radhi, nikamwomba angoje siku mbili zaidi, hadi Jumatatu. Akasema, "Nitafikiri, Mama." Kisha akanipa kiti, akatia maji ya chai jikoni, na tukanywa.

Jumamosi asubuhi nitakuwa pale kabla ya pikipiki. Sitamzuia, sina haki hiyo. Nitamwambia kaka yake kwa kinywa changu nilichofanya, asije akadhani dada yake ndiye aliyeshindwa. Jumatatu nitakuwa kwenye komite, Zaina awepo au asiwepo.

Uamuzi ukishapatikana, uwe wa Zaina au wa komite, nitauandika hapa siku hiyohiyo, hata ukinifedhehesha.