Cheti cha Ubatizo cha Rodrick

Mbinga Mjini,
21 Januari 2026.

Mpendwa mdogo wangu Rodrick,

Pokea salamu zangu na za mama kutoka huku kwenye mvua na matope. Hujambo? Joto la Mpanda linakutendeaje? Na mchumba wako Flavia, mzima? Sisi hatujambo, mama anakula vizuri, na mahindi ya mwaka huu yanatia moyo. Ila mimi nimechoka mpaka kwenye kucha, na sababu ni wewe.

Kwanza tulia: cheti chako cha ubatizo kimo humu kwenye bahasha, kimesainiwa na kupigwa muhuri. Mpelekee padre wenu kabla ya Jumapili, tangazo la kwanza la ndoa kati ya yale matatu lisomwe. Jumapili moja tu ingetupita, Kwaresima ingetukuta, na harusi ingesogea hadi baada ya Pasaka, likizo yako imeshakwisha.

Jana alfajiri niliacha cherehani yangu, nikapanda gari hadi Mbamba Bay, kisha bodaboda mpaka Kihagara tulikokulia. Mama sikumwambia. Ulinionya nisimsumbue na presha yake, nami nikajiona najua kila kitu. Si nilikuwepo siku ile? Nilikuwa na miaka minane, nikala pilau mpaka nikaugua, na wewe ulivalishwa gauni jeupe ukalia kanisani misa nzima.

Katekista Bernadi, yule yule aliyetufundisha, alitoa vitabu kabatini. Tulipekua mwaka uliozaliwa, tukapekua uliofuata, tukapekua hata uliotangulia, kana kwamba mtu hubatizwa kabla ya kuzaliwa! Watoto wa majirani wote wamo. Wewe humo. Mvua ikaanza, mwenye bodaboda akawa ananipigia honi, nami nimekaa natamani kulia. Nilikukasirikia, mdogo wangu, wewe na ile kadi yako ya zamani ya ubatizo uliyoipoteza chuoni.

Mwisho nikasalimu amri, nikampigia mama. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Sasa huko umefuata nini, mwanangu? Huyo alibatizwa Litembo, hospitalini." Kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa nimetoka nyumba moja na mwenye jibu! Kumbe sherehe ya Kihagara ilikuwa ya kukamilisha ibada mbele ya watu tu. Ubatizo wenyewe ulishafanyika.

Nikageuza. Saa nane nilikuwa Mbinga, nikachukua bodaboda nyingine kupanda Litembo. Tuliteleza mara mbili, nikamalizia kilima kwa miguu, viatu mkononi. Nilipofika ofisi ya parokia, Sista Ottilia alikuwa anafunga kufuli. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alifungua tena bila kuniuliza.

Ulikuwemo. Mstari wako umeandikwa siku ileile uliyozaliwa: "katika hatari ya kufa." Aliyekubatiza ni muuguzi, jina lake Agripina. Rodrick, hukutarajiwa kuiona asubuhi. Nililia pale pale mbele ya sista, wala sikuona aibu. Naye akanionyesha mwisho wa mstari huohuo, mahali panapoandikwa ndoa. Pako wazi. Mkishafunga, parokia yenu itawaarifu hawa wa Litembo nao wapajaze.

Jioni nilimuuliza mama kwa nini hakutuambia miaka yote hii. Akanijibu, "Ningewaambia ya nini, na mtoto alishapona?" Kisha akanitaka nimsomee cheti. Nikasoma. Akasema soma tena.

Nilidhani baada ya hapo atakwenda kulala. Badala yake akasimama katikati ya sebule, akainua mikono nimpime gauni la kuvaa harusini kwako. Huyu mama aliyekataa kwenda hata Songea kwa sababu ya magoti yake, anasema atakaa kwenye basi siku mbili mpaka huko. Nikambishia. Akaniambia, "Hospitalini nilitoka nimembeba. Kanisani nataka nimwone akitoka kwa miguu yake."

Basi mtafutie mama kiti cha mbele. Nisalimie Flavia na wazazi wake, na mjomba Steven ukimwona. Shangazi Hedwiga na dada Restituta wanakusalimu sana. Mungu aliyekuvusha siku yako ya kwanza awavushe wote wawili hadi uzeeni.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Serafina.