Sindano Niliyoigeuza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje na baridi hii? Najua huko Mbinga nako mnaota moto, lakini ukungu wa huku Bumbuli unaingia mpaka kitandani. Sisi hatujambo. Baba Neema anakwenda kiwanda cha chai alfajiri, anarudi jioni, na Neema yuko shule. Mchana kutwa sina wa kusema naye. Majirani ni watu wema, ila wakikaa pamoja ni Kishambaa tu, nami nabaki kutabasamu.

Basi usharika ukanipa kushona magauni meupe ya watoto wa kipaimara. Nilifurahi, mama. Nikasema sasa watanijua hata jina. Cherehani yangu ndogo ya umeme ikanikatalia. Inaruka mishono, uzi unakatika. Nikatoa sindano namba kumi na sita, nikaweka kumi na nne, kisha kumi na moja ya vitambaa vyepesi. Nikasafisha vumbi chini ya meno yanayovuta kitambaa, nikatia mafuta, nikalegeza uzi. Wapi. Siku tatu nashona, nafumua, na Jumapili ndiyo hiyo inakuja. Wakiyachukua magauni, nani atanipa kazi tena? Kuuliza sikutaka. Unakijua kiburi changu, nimekirithi kwako.

Siku ya nne Mama Upendo, jirani wa ukuta kwa ukuta, akapiga hodi. Akainama, akachomoa sindano. Mimi ubapa wake, ule upande usio na mviringo kichwani, niliuelekeza kulia, kama ulivyonifundisha kwenye cherehani yako ya miguu. Yeye akaugeuzia nyuma. Ikashona bila kuruka hata mara moja. Akaniambia, "Siku tatu nasikia inakwama. Nilikuwa nangoja uniite."

Akanywa chai, tukaongea mpaka Neema akarudi. Magauni yakaisha, watoto wakapendeza.

Kisha pakawa kimya, mama. Wiki nzima cherehani inashona vizuri na hakuna anayebisha hodi. Kwenye simu nisingeweza kukwambia hili. Jana nilichomoa sindano, nikaigeuza tena kulia, nikashona mpaka uzi ukakatika, nikamwita. Akaja. Akaitazama sindano, akanitazama mimi. Hakuigusa. Alivuta kigoda, akaketi, akauliza kama kuna chai.

Baba mpe shikamoo yake. Dada Skola mwambie gauni la mwanawe nimeshalikata. Nawe ukipata salio nipigie mchana, ndipo nyumba inaponilemea.

Mwanao akukumbukaye,
Agnes