Uzi Shingoni mwa Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Haya, leo umekumbuka! Tangu mwaka uanze hujagusa daftari hili — ulikuwa wapi, bibi wee? Nakusema wewe, mimi mwenyewe, maana hakuna mwingine anayesoma hapa. Usinipe habari za magoti. Macho ndiyo yaliyokukimbiza. Unaogopa kufungua ukurasa ukute ukungu mtupu.

Basi nimefungua. Kalamu nene, ile ya kuandikia maboksi. Rula ya mbao ya marehemu mume wangu naiweka chini ya mstari, nisije nikaupanda ule niliokwisha kuandika. Shule sikuona hata mlango wake. Herufi alinifundisha yeye, fundi cherehani wangu, kwa chaki yake, juu ya meza ya kukatia nguo. A ni mkasi uliosimama, alisema. Mpaka leo nikiandika A nauona mkasi.

Nimekaanga mayai matano, sikuunguza hata moja. Kitunguu kikilia kwa sauti nyembamba, bado. Sauti ikinenepa, tayari. Macho ya nini?

Jumatano, 5 Machi

Ya nini, eti. Muongo mkubwa.

Daktari wa macho alishasema, mwezi wa kumi na moja: ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, tunalinda kilichobaki. Nyumbani nikawaambia ni uzee tu, miwani itabadilishwa. Cheti nikakichoma.

Ni kwa sababu ya jirani wa nyumba ya nyuma. Macho yalipomzimika, wanawe walimketisha kwenye kiti ukumbini. Kijiko mdomoni. "Fungua, bibi, fungua, ndiyo hivyo!" Mwanamke aliyepikia harusi za mtaa mzima! Miaka mitatu alikaa vile, mikono mapajani kama nguo zilizoanuliwa. Mimi? Heri nife na mwiko mkononi.

Kwa hiyo nina mbinu zangu. Kopo la chumvi nimelivisha mpira mmoja, la sukari miwili. Chupa za mafuta ni mapacha, hazina tofauti mkononi. Ile ya mafuta ya taa, ya jiko, nimeifunga uzi shingoni, mafundo matatu. Uzi wa cherehani ya marehemu. Naupapasa kabla ya kumimina. Yule mzee bado ananishonea!

Ijumaa, 7 Machi

Mafua. Pua imeziba, sisikii harufu ya kitu. Mkwe wangu — mke wa mwanangu, tunaishi nyumba moja — kanifukuza jikoni. Nikalale, leo anasafisha yeye. "Mama, haya masizi yana umri mkubwa kuliko mimi!" Nikamwambia ayaamkie basi, kama ni wakubwa zake. Tukacheka.

Mtoto mzuri yule. Anaimba akisugua. Anaimba vibaya! Nimelala usingizi wa pono, nikaamka kila kitu kinateleza.

Jumamosi, 8 Machi

Kiroboto kaungua. Siwezi kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Niandike, la sivyo nitapasuka.

Jana mchana. Maharage yameshaiva, nataka kuyaunga. Kiroboto, mjukuu wangu wa miaka sita — hatulii, ndiyo sababu ya jina lake — kanishikia bakuli la vitunguu. Sufuria imepata moto. Nikapapasa rafuni. Chupa mbili, bega kwa bega. Nikagusa shingo ya kwanza: hakuna uzi. Basi hii ni ya kula. Nikamimina.

Moto! Ulipanda mpaka ukala nyusi zangu. Na niliuona — Mungu wangu, niliuona! Kitu cha kwanza kukiona wazi mwaka huu. Halafu sauti ya mtoto.

Mkwe akaja mbio na shuka bichi kutoka kambani. Akamfunika mtoto, akazima jiko. Mkono wa kulia, kiganja mpaka kiwiko. Muuguzi anasema vidole vitafanya kazi, kovu litabaki.

Uzi aliukata yeye, Ijumaa. Ulikuwa mweusi kwa masizi na mafuta, akaona ni uchafu. Chupa akazipanga pamoja rafuni, zipendeze. Angejuaje? Nani alimwambia?

Jumatatu, 10 Machi

Mwanangu karudi na lori lake asubuhi. Kafoka mpaka mabati yakatetemeka.

"Mafuta ya taa na ya kula rafu moja? Una akili wewe?"

"Si yanaonekana! Ya kula ya njano, ya taa meupe kama maji! Mama alikuwa anaangalia wapi?"

"Mama? Mama anapika tangu hujazaliwa! Usimtie mama kwenye uzembe wako."

Nami nipo pale pale, nachambua mchele kwa vidole. Sikuinua kichwa. Unajua nilisema nini? "Msigombane mbele ya mtoto." Basi! Mdomo huu, ambao mwenye duka akiusikia unakuja anaficha mizani — ukafungwa mafundo matatu.

Ndala za mkwe zikageuka upande wangu. Nadhani alikuwa ananitazama. Sijui. Sioni.

Jumanne, 11 Machi

Kiroboto kaja kunilalia mapajani. Bendeji inakwaruza. Akaninong'oneza:

"Bibi, ule uzi wa kwenye chupa ulikuwa wako, eti?"

"Nani kakwambia?"

"Nilikuona unaushika. Na juzi ulinifananisha na mama." Akanishika kanga. "Sijamwambia mtu. Wakijua huoni watakunyang'anya mwiko."

Miaka sita! Kaungua kwa ajili yangu, na bado ananitunzia siri. Ananihurumia yeye!

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nimewachapia nayo watu miaka arobaini. Mimi kifo hakikuja. Katumwa mtoto.

Sasa hivi mkwe yuko chumba cha pili. Nasikia zipu ya begi. Haimbi. Kasema anakwenda kwao, hawezi kuitwa muuaji wa mwanawe katika nyumba anayoipiga deki mwenyewe. Kiroboto anaondoka naye. Mwanangu yuko nje anaosha lori, anayarusha maji kama anampiga mtu.

Kutoka hapa mpaka mlango ule ni hatua tisa. Nilishazihesabu. Nikizipiga nikasema ukweli, nitamrudishia mwenzangu jina lake. Na kiti cha ukumbini kitakuwa kinanisubiri, na kijiko chake.

Mistari imeanza kupandana, naona — sioni, nahisi. Rula imeteleza.

Zipu tena. Ndefu. Ya kufunga.

Wewe bibi, sikia. Utakapofungua tena daftari hili, kwanza nyamaza usikilize. Kama hakuna anayeimba vibaya jikoni, usiandike hata herufi moja. Weka kalamu chini, shika fimbo, mfuate mpaka kwao. Na njia uiulize kwa sauti, kila penye watu, na kila utakayemuuliza umwambie kwa nini unauliza.