Espérance na uwanja wa ndege wa Issy

Jumamosi, Agosti. Upepo wa baridi na vumbi tangu asubuhi, midomo imenipasuka, na bado nacheka peke yangu hapa kwenye cherehani.

Binti yangu leo amesema mbele ya watu.

Kwa asiyemjua: Espérance amezaliwa hapa hapa Joburg, anasomea ufundi wa ndege, na ana kigugumizi tangu utotoni. Hapa nyumbani Bellevue nikimsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza kifupi kifupi. Mwaka jana alipotakiwa kusimama mbele ya darasa, alijifungia chooni, akapewa sifuri. Safari hii mwalimu alimwambia wazi: usiposimama, mwaka huu unaurudia.

Kila mwanafunzi alitakiwa kueleza historia ya uwanja mmoja wa ndege wa zamani. Yeye akachagua Issy, kando ya Paris. Habari nyingi alizozipata zilikuwa za Kifaransa, na mimi Kifaransa ndicho nilichosomea kwetu Bukavu. Basi kila jioni, nikimaliza nguo za wateja, nasoma, namweleza kwa Kiswahili, yeye anaandika kwa Kiingereza. Sikuwahi kukaa naye hivyo tangu aanze kufunga mlango wa chumba chake.

Kumbe Issy haikuwa na lami wala mnara. Ulikuwa uwanja wa gwaride la askari, mpana, tambarare, na watu wenye mashine za mbao, nyaya na kitambaa wakaenda kujaribu bahati yao pale. Mabawa ya kitambaa! Mimi fundi cherehani nilishika kichwa. Espérance alicheka hadi machozi.

Leo ukumbi ulijaa wazazi. Alianza vizuri. Akaeleza jinsi zile mashine zilivyorukaruka kama kuku, zikaanguka, zikatengenezwa, zikarudi uwanjani, huku watazamaji wakicheka. Akafika kwenye ile siku rubani mmoja alipozunguka kilomita nzima na kurudi pale alipoondokea. Hapo neno likagoma.

"A-a-a..."

Mtu nyuma yangu akakohoa. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nilikuwa najua kila neno lililobaki. Ningeweza kusimama nikamalizia.

Sikusimama.

Espérance alifumba macho, akavuta pumzi.

"Eish," akasema, "hata wao walianguka kwanza."

Ukumbi ukacheka, cheko la watu wanaokutakia mema, naye akacheka pamoja nao. Kisha akalirudia lile neno, likatoka. Akaendelea hadi mwisho, akikwama hapa na pale, bila haraka: jinsi mji ulivyoumeza ule uwanja, na jinsi kipande kilichobaki leo kinatumiwa na helikopta. Mwalimu ndiye wa kwanza kupiga makofi. Mimi nilipiga kigelegele. Wazazi wa watu waligeuka kunitazama, na wageuke tu.

Amefaulu.

Tuliporudi nyumbani, mama yangu akapiga simu kutoka Bukavu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimsimulie, Espérance akaninyang'anya simu. Akamweleza Bibi yake habari zote za Issy, kwa Kiswahili! Ngeli zimepinduka, Kizulu kimeingia katikati, kigugumizi humo humo. Mama yangu alimsikiliza bila kumkatiza hata mara moja.

"Na wewe utarusha ndege lini, mjukuu wangu?"

"Mimi nita-nitatengeneza, Bibi. Wewe utapanda."

Mama yangu hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Akauliza huko juu watu huvaa nini.

Espérance ananiambia nisilie, lakini machozi ya leo ni yangu, siyagawi.

Kesho kanisani, wakati wa ushuhuda, nitasimama mimi. Sijui nitaanzia wapi. Nikikwama, nitafumba macho nivute pumzi.