Fahali wa Uso Mzuri

Mpendwa Wanjiku,

Hapa Ruring'u tuko salama, na goti la baba yako limepona. Nilipoona picha za mafahali watatu unaotaka kumnunua mmoja wao huko Nanyuki, nilipiga kelele hadi jirani akaja mbio! Ati nikuambie yupi?

Nikiwa msichana, baba alinipeleka soko la mifugo huko huko Nanyuki, akasema nichague mimi fahali wa kupanda ng'ombe wetu. Nikampenda mmoja mwenye shingo nene na uso wa kupendeza. Mzee Abdi, mchuuzi wa ng'ombe, akaninong'oneza, "Binti, zunguka nyuma uangalie korodani. Ziwe kubwa, zilingane." Mbele ya wanaume wote wale? Nikaona haya, nikamwambia nimeshaangalia.

Mwaka mzima hatukupata hata ndama mmoja. Baba hakunigombeza. Alicheka tu, akasema, "Ulichagua bwana harusi."

Sasa, Wanjiku, picha zako zote ni za uso! Rudi kwa hao mafahali leo, uzunguke nyuma, unitumie zingine haraka.

Ni mimi cucu wako, bibi yako asiyeona haya tena.